Kihisi cha kwatzi na uroho wa megahezi

Mwonyeshe mtu kihisi cha kwatzi (quartz), kipande cha fuwele kinachotetemeshwa kwa umeme, kilichoundwa kunasa protini au bakteria, naye atauliza kama mnunuzi wa pikipiki: kina megahezi ngapi, yaani hutetemeka mara milioni ngapi kwa sekunde? Swali si la kipuuzi. Mwaka 1959 Mjerumani Günter Sauerbrey alionyesha kwamba fuwele ya kwatzi inayotetemeka hushuka masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, kwa kadiri ya uzito unaoigandia. Fuwele ya megahezi 5, iliyozoeleka sana maabara, hushuka hezi 1 (mtetemo 1 kwa sekunde) kwa kila nanogramu 17.7 zinazotua kwenye sentimita 1 ya mraba. Masafa yakiwa mara mbili, usikivu huwa mara nne. Nani asiyetaka?

Wanaotetea masafa ya juu wana haki yao. Protini ikinaswa na kingamwili zilizopandwa juu ya fuwele ya megahezi 5, mara nyingi mshuko ni wa makumi ya hezi tu, na sampuli ikiwa na protini kidogo haufiki hata hapo. Tatizo lao ni wembamba. Fuwele ya megahezi 5 ina unene wa milimita 0.33, ya megahezi 50 ina mikromita 33 tu, nyembamba kuliko unywele wa kawaida. Mafundi hulikwepa hilo kwa kuila kwatzi katikati kwa kemikali na kuacha ukingo mnene wa kushikia. Kazi ya ustadi, na bei yake ni ya ustadi vilevile.

Hoja hiyo ningeipokea yote kama vipimo vingefanyika hewani. Vimelea na protini tunavitafuta majini, na huko hesabu inageuka. Watafiti Kanazawa na Gordon walilieleza jambo hili mwaka 1985: fuwele ya megahezi 5 ikilowa upande mmoja hushuka yapata hezi 700 kabla haijanasa chochote. Kiasi hicho hufuata mnato wa maji, yaani uzito wa kutiririka kwake, na mnato hufuata joto. Nyuzi 1 ya Selsiasi ikipanda au kushuka, masafa husogea hezi 7 hivi. Zigeuze kuwa uzito kwa kipimo cha Sauerbrey: zaidi ya nanogramu 120 kwa sentimita ya mraba, na hakuna molekuli hata moja iliyotua!

Sasa panda kutoka megahezi 5 hadi 50. Usikivu wa uzito unakua mara 100, lakini athari ya maji nayo inakua mara 32 hivi. Faida halisi juu ya usumbufu wa maji ni kama mara tatu. Si haba, ila si ile mia tuliyoahidiwa.

Kwa bakteria mambo ni mabaya zaidi. Mtetemo wa fuwele hauendi mbali ndani ya maji: kwenye megahezi 5 hufifia ndani ya nanomita 250 hivi, kwenye megahezi 50 ndani ya nanomita 80. Bakteria ana nanomita 1,000 au zaidi. Wimbi linamgusa nyayo tu, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo linavyomjua kidogo zaidi. Tena hakuganda kama rangi ukutani. Ananing'inia kwenye vishikizo laini, na kwa hiyo masafa yanaweza hata kupanda badala ya kushuka. Atakayesoma grafu hiyo kwa jicho la Sauerbrey atatangaza kwamba kuna kitu kimeondoka.

Na dhahabu iliyopakwa juu ya fuwele je? Wahenga walisema si kila king'aacho ni dhahabu. Hapa king'aacho ni dhahabu kweli, elektrodi yenyewe inayoipitishia fuwele umeme, na ndiyo yenye kero: protini yoyote ya damu hupenda kuigandia. Mizani hii haina macho. Inapima kilichotua, haiulizi jina, na huhesabu hata maji yaliyonaswa kati ya molekuli. Sehemu ya kuchagua nani atue ni ya tabaka la kemikali lililo juu ya dhahabu, ambalo megahezi haziwezi kulisaidia.

Wapo wanaoikimbia fuwele nyembamba kwa kutumia mawimbi ya Love (jina la mwanahisabati), yanayosafiri karibu na uso wa kwatzi yakiongozwa na tabaka jembamba la silika, madini ya kutengenezea kioo, lililo juu yake. Hupata megahezi 100 na zaidi, na kipande kinabaki kinene na kigumu. Lakini elektrodi zake lazima zikingwe dhidi ya maji, na saketi za kuyasoma masafa hayo huhitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Kwa protini, basi, ningekubali masafa ya juu, mradi joto limedhibitiwa barabara. Kwa bakteria mzima ningebaki na megahezi 5 na kupima pia jinsi mtetemo unavyopoteza nishati, njia iliyokuzwa Göteborg, Sweden, katika miaka ya 1990, kwa sababu ulaini wa kilichotua ni habari ambayo masafa peke yake hayaitoi. Pesa itakayobaki ningenunulia fuwele ya pili isiyo na kingamwili, niiweke kwenye maji yaleyale na joto lilelile, kisha nitoe usomaji wake kwenye ule wa kwanza.