Mkono Nao Una Mwenyewe

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipiga picha za mikono ya watu hapa Dar es Salaam, na sababu niliyokuwa nikijipa mwanzoni sasa naiona kuwa ya uvivu mtupu: mkono hauna uso, kwa hiyo hauna wa kuombwa ruhusa. Nilikuwa nikifika soko la samaki la Feri asubuhi, mnada ukiwa umepamba moto, nainamisha kamera, nabonyeza, naondoka zangu. Leo nasema kwamba picha ya mkono ambao mwenyewe hakuulizwa lolote ina upungufu, hata ikipigwa kwa ustadi wa namna gani.

Aliyenigeuza ni mama mmoja anayepara samaki palepale Feri, ambaye nilimwomba ruhusa kwa sababu tu alikuwa amekwisha kuniona. Mkono wa kushoto ulikuwa umembana changu mkiani, wa kulia ukisukuma kisu kuelekea kichwani, magamba yakiruka na kugandia hadi karibu na kiwiko. Ukucha wa kidole chake cha shahada ulikuwa umepasuka zamani, ukaota upya na ufa katikati. Maelezo ya picha nilikwisha kuyatunga kimoyomoyo: kisu, bahari, miaka ya taabu. Nilipomuuliza habari za ukucha ule, akacheka. "Hiyo sindano ya cherehani, mwanangu. Nilikuwa fundi nguo Temeke kabla sijaja huku." Akaitazama picha kwenye kioo cha kamera, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mbona umenizeesha?"

Swali lile lina jibu la kiufundi, na halitupi sifa. Mwanga ukija kwa ubavuni, kila mkunjo wa ngozi hutupa kivuli chake. Ukiondoa rangi na kuukoleza weusi, mkono wa mtu wa makamo unakuwa gome la mbuyu. Sisi wapiga picha tunalijua hilo na tunalitumia, tena kwa mikono ya watu wa aina moja tu, kwani sijaona bado kiganja cha mhasibu kikipigwa kwa mtindo huo. Mama yule alinitaka nirudi akiwa amepaka hina, kwa kuwa wiki iliyofuata alikuwa na harusi ya mpwa wake. Nilirudi. Picha hizo mbili siionyeshi moja bila ya nyingine, na sharti hilo aliliweka yeye.

Kosa langu si geni. Aprili 1980, huko Karamoja, Uganda, mpiga picha Mike Wells alipiga picha ya kiganja cha mtoto aliyekondeshwa na njaa kikiwa ndani ya kiganja cha mmisionari. Picha hiyo ikachaguliwa kuwa picha ya mwaka katika mashindano ya kimataifa ya picha za habari, World Press Photo, ingawa Wells hakuiingiza mwenyewe na aliona aibu kushinda kwa picha ya mtu anayekufa njaa. Mkono ule umezunguka dunia nzima, na mwenye mkono hatuna hata jina lake. Dorothea Lange naye, aliyempiga picha mama mhamiaji na wanawe huko California mwaka 1936, baadaye aliagiza kidole gumba kilichoshika nguzo ya hema kifutwe kwenye negativu, yaani filamu asilia ya picha, kwa kuwa kilimkera kama dosari. Jina la mama huyo, Florence Owens Thompson, lilijulikana hadharani mwaka 1978, miaka 42 baada ya picha. Hicho kidole gumba ndicho ambacho mimi ningekibakiza.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba ukiomba ruhusa kwanza, mtu anakakamaa na picha inakufa. Kukakamaa ni kweli, ila ni kwa dakika chache. Anayepara samaki kwa kulipwa hawezi kuiacha kazi akupigie pozi, na kisu kikishaanza kwenda anakusahau. Kinachokufa ni haraka yetu tu.

Picha ninayoitamani kuliko zote sinayo. Baba yangu mdogo ni mwashi, na saruji imeila ngozi ya vidole vyake mpaka imekuwa laini kama karatasi. Mwaka 2019, laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, alikwenda kwa wakala mara tatu, akabadilisha kidole baada ya kidole, akavifuta kwa kanga ya mtu, na mashine ikakataa kumsoma. Kila nikimwomba nimpige picha mikono, huiingiza mifukoni na kunijibu, "Mashine ya serikali imesema sina vidole. Sasa wewe utapiga nini?"