Ndizi ya Karat: vitamini imeirudisha sokoni, je, itabaki mezani?

Karat si ndizi ya kawaida. Mkungu wake hauning'inii. Umesimama wima juu ya mgomba, chane zote zikitazama angani. Tunda lenyewe ni fupi na nene, na likiiva nyama yake hupata rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Ni mojawapo ya ndizi za kundi la Fe'i, zinazopatikana kuanzia Papua New Guinea hadi Tahiti. Utomvu wake ni wa zambarau, na mtu akizila kwa wingi mkojo wake hugeuka manjano. Wasamoa husimulia kwamba hapo kale ndizi za milimani zilipigana vita na ndizi za bondeni. Za milimani zikashinda, ndiyo maana zimeinua vichwa. Zilizoshindwa zimeinamisha vyao hadi leo.

Kwao Karat ni Pohnpei, kisiwa cha mvua nyingi katika Shirikisho la Mikronesia. Kina mama wa huko walikuwa wakiitumia kuwalikiza watoto wachanga, yaani kuwaachisha ziwa. Ndizi mbivu ilimenywa, nyama ikakwanguliwa kidogo kidogo, na mtoto asiye na meno akalishwa ule ulaini mbichi bila kupitia jikoni. Ndizi nyingine za kisiwa hicho zilichemshwa, zikapikwa kwa tui la nazi au zikaokwa juu ya mawe ya moto pamoja na shelisheli.

Kisha Karat ikaanza kupotea, na sababu inajulikana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia visiwa hivi viliwekwa chini ya Marekani kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, kuanzia mwaka 1947. Chakula cha msaada na cha shuleni kikaja na mchele, unga wa ngano na nyama ya makopo. Mwaka 1986 Mikronesia ikawa nchi yenye mkataba maalumu na Marekani. Dola ziliendelea kuingia, na mchele pia. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa nadra kuikuta Karat sokoni. Uchunguzi wa mwaka 1994 ukakuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Pohnpei ambao hawajafikia umri wa shule walikuwa na upungufu wa vitamini A, ile ambayo ikikosekana huanza kwa kumnyima mtoto kuona gizani na huweza kumfikisha kwenye upofu. Kisiwa kizima ni kijani, migomba imejaa nyuma ya nyumba, na watoto wake wanakosa vitamini ambayo babu zao waliila bila kujua jina lake. Jambo hili linaniuma kila ninapolifikiria.

Aliyeugeuza mjadala ni Lois Englberger, mtaalamu wa lishe kutoka Marekani aliyefanya kazi Pohnpei tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi alipofariki mwaka 2011. Yeye na wenzake wa kisiwani walizipeleka ndizi za kienyeji maabara. Gramu mia moja za ndizi ya kawaida ya dukani zina takriban mikrogramu 26 za beta-karotini, ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karat ilifikia mikrogramu 2,230. Ndizi nyingine ya Fe'i, Utin Iap, ilipita 8,500. Kwa matokeo hayo, chama cha Island Food Community of Pohnpei kilianza kampeni ya kuwahimiza watu warudi kwenye chakula cha kwao: mabango, redio, mashindano ya mapishi, hata stempu za posta zenye picha ya Karat. Karat ikarudi sokoni.

Wanaounga mkono kampeni hiyo wana hoja nzito. Dawa ya tatizo ilikuwa imeota uani, haihitaji meli wala fedha za kigeni. Anayekula ndizi badala ya sahani ya pili ya wali mweupe anajisaidia pia dhidi ya kisukari, ambacho kimewashika watu wengi mno katika visiwa hivyo. Tena aina ya ndizi inayopandwa haifi. Katika kijiji cha Mand, ambako mpango wa aina hii ulijaribiwa kwa miaka miwili katikati ya miaka ya 2000, ulaji wa ndizi za kienyeji na magimbi ulipanda, na idadi ya aina za ndizi zilizopandwa ikaongezeka. Mafanikio hayo ni ya kweli na yanastahili heshima.

Hata hivyo, upande wa mchele hausikilizwi vya kutosha, na nadhani ni kwa sababu wengi wanaouandikia ulimwengu kuhusu Pohnpei hawapiki huko kila jioni. Mfuko wa mchele hukaa miezi. Mkungu wa ndizi ukikatwa unaiva wote ndani ya siku chache, na asiye na majirani wa kugawana nao ataona nusu yake ikioza. Mama anayefanya kazi ofisini mjini Kolonia anarudi jioni, anabandika sufuria, na baada ya muda mfupi watoto wamekula. Kumwambia arudi kwenye mawe ya moto ni kumwongezea kazi huku tukiiita kazi hiyo urithi. Wapo pia wanaoishi mjini wasio na shamba kabisa, na kwao chakula cha kienyeji ni cha kununua kama kingine chochote. Isitoshe, mchele wenyewe umekwishaingia katika mila: mifuko yake hupelekwa misibani na kwenye karamu, na asiyeuleta huonekana amekuja mikono mitupu. Baada ya vizazi viwili au vitatu, sioni kwa haki gani mtu wa nje atauita chakula hicho kigeni.

Wataalamu wa afya nao wana hoja yao. Tone la vitamini A analopewa mtoto mara mbili kwa mwaka ni rahisi, linafika hata kwa mtoto ambaye mama yake hana mgomba, na halisubiri mtu abadili tabia. Mtoto anayeanza kushindwa kuona jioni hawezi kungoja chipukizi likue. Hapo siwapingi hata kidogo. Ninachokiona ni kwamba tone hilo linamaliza tatizo moja na kuyaacha mengine yote palepale, kikiwemo kisukari cha wazazi.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni neno utamaduni, ambalo kampeni hulitumia kwa urahisi mno. Pohnpei ina utamaduni mkubwa wa chakula, lakini heshima yake haikai kwenye ndizi. Inakaa kwenye viazi vikuu, nguruwe na sakau, kinywaji cha mizizi kinachonywewa mbele ya machifu. Mwanamume hupanda kiazi kikuu kwa siri, mahali ambapo jirani hatakiona, akakiacha ardhini kwa miaka, kisha siku ya karamu kikaingia kimebebwa na wanaume kadhaa kwenye mti mabegani, na jina la mkulima likasemwa hadharani. Hakuna ndizi inayopata mapokezi hayo. Ndizi ilikuwa chakula cha kila siku, ikiwemo ile iliyotupiwa nguruwe, na Karat mahali pake palikuwa mapajani mwa mama, pamoja na mtoto anayelikizwa.

Kwa hiyo hesabu za maabara ziliipa Karat sifa mpya, ya aina ambayo haikuwahi kuwa nayo. Sifa hiyo ina nguvu, lakini bango hufifia na fedha za wafadhili huisha. Kwa maoni yangu Karat haina haja ya kushindana na mchele kwenye sahani ya mtu mzima, kwa sababu hapo itashindwa. Irudishwe pale ilipokuwa na kazi yake: kliniki za watoto, ambako muuguzi anamwonyesha mama mchanga namna ya kuikwangua, bajeti za chakula cha shule na hospitali, ambazo zikinunua Karat kila wiki mkulima anapata sababu ya kupanda, na bibi ambao bado wanakumbuka. Mila ya kulikiza ni ndogo, haina ngoma wala machifu, na ndiyo inayoweza kuibeba ndizi hii kizazi hadi kizazi.

Mjadala huu umefika hadi kwetu, katika Maziwa Makuu. Profesa James Dale wa Queensland University of Technology, Australia, alichukua jeni ya ndizi ya Fe'i kutoka Papua New Guinea iitwayo Asupina, akaitia katika ndizi nyingine ili nyama yake iwe na vitamini A. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na watafiti wa Uganda wakawa wanafanya vivyo hivyo kwa matoke. Wanaoitetea kazi hiyo wanasema Mganda hataacha matoke, basi wekeni vitamini ndani ya matoke. Ni hoja inayoheshimu ladha ya mlaji, tena inahitaji mabadiliko machache sana jikoni. Wanaoipinga wanahofia mazao yaliyobadilishwa jeni, na wanauliza wanakijiji wa Papua New Guinea, waliolitunza tunda hilo kwa karne nyingi, wamepata nini. Rais Museveni alirudisha bungeni mara mbili muswada wa kusimamia teknolojia hiyo.

Wakati huohuo njia nyingine ilijaribiwa Burundi na mashariki mwa Kongo: kuwapa wakulima ndizi zenyewe, zenye vitamini kwa asili, zikiwemo Bira na To'o zilizotoka Papua New Guinea. Zina udhaifu wake. Hazina ladha ya ndizi waliyoizoea, na mama anaweza kuzijaribu mara moja asizirudie. Lakini chipukizi likishaingia shambani ni la mkulima. Anampa dada yake, anampa jirani, na hakuna sheria ya bunge inayosubiriwa. Mgomba wa maabara nao hutoa machipukizi, ni kweli, ila utafika shambani baada ya ruhusa nyingi, na hadi leo matoke ya Uganda hayajaipata. Kwa sababu hiyo ningeanza na tunda lenyewe, hasa Kivu na Burundi ambako watu tayari wanapika aina nyingi za ndizi, na kazi ya jeni iendelee kwa wale ambao ndizi yao ni moja na hawataibadili. Wanaopima miradi hii waende mashambani miaka mitatu baada ya wafadhili kuondoka, wahesabu ni nyumba ngapi zimeipanda tena bila kuombwa.