Mionzi ya siku 13 si tiba ya kimaskini

Mtoto anaanza kwa makengeza ya ghafla, mdomo unapinda, anayumba akitembea. Picha ya MRI inaonyesha ponsi, sehemu ya kati ya shina la ubongo, imevimba yote: ni saratani ya watoto iitwayo DIPG. Kisu hakiingii hapo. Inabaki mionzi, na hapo ndipo madaktari wanapotofautiana: mara 30 au mara 13?

Kwa kawaida hutolewa grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 1.8 kwa siku, jumla 54, kwa wiki sita. Kozi fupi ni grei 3 kwa siku, jumla 39, na wiki ya tatu haijaisha mtoto yuko nyumbani. Mzazi akilinganisha 54 na 39 anaona mwanawe kapunjwa. Simlaumu, ila hesabu hiyo inapotosha: grei 3 za mkupuo mmoja huumiza seli kuliko grei 3 zilizogawanywa, kwa hiyo pengo halisi ni dogo kuliko linavyosomeka.

Jambo hili limepimwa Afrika, kwenye hospitali ya saratani ya watoto ya 57357 mjini Cairo, na timu ya Profesa Mohamed Zaghloul. Utafiti wa kwanza, wa 2014, ulikuwa na watoto 71. Katika kozi fupi, nusu ya watoto waliishi kupita miezi 7.8, katika kozi ndefu, miezi 9.5. Wapinzani wa kozi fupi wameing'ang'ania tofauti hiyo, na kwa mama karibu miezi miwili si kitu cha kubeza, hata kama kitakwimu huenda ilikuwa bahati tu. Timu ikarudi na watoto 253. Matokeo ya 2022 yalionyesha kozi fupi haikuachwa nyuma.

Sasa chukua miezi tisa, ndiyo kadiri ya umri uliobaki kwa wengi wao, utoe wiki sita. Mtoto mdogo hatulii chini ya mashine, hivyo mara nyingi hulazwa kwa dawa ya usingizi: hali kitu tangu usiku, anatobolewa mshipa, anaamka akilia. Tofauti ni asubuhi 17 za namna hiyo. Kwa familia iliyotoka Kigoma kuja hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni asubuhi 17 za kulala kwa ndugu, huku watoto wengine wameachwa kwa bibi. Na mashine iliyookoa nafasi 17 inampokea mwingine aliye foleni, ambaye ugonjwa huu humwangusha ndani ya wiki chache tu.

Hofu moja ya upande wa pili naikubali bila kinyongo. Si kila uvimbe wa shina la ubongo ni huu. Upo unaokua polepole, mtoto kalegea jicho moja mwaka mzima, na huyo anaweza kufika utu uzima akiwa na ubongo uliopigwa dozi kubwa za kila siku. Picha ikiwa na utata, kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, kichukuliwe kwanza. Wapasuaji wa hospitali ya watoto ya Necker, Paris, walionyesha mwaka 2007 kwamba sindano inafika humo bila madhara makubwa, na tangu 2012, yalipogunduliwa mabadiliko ya jeni ya H3 K27M yanayoonekana katika uvimbe huu, kinyama kina la kusema. Agosti 2025 Marekani iliidhinisha dawa ya dordaviprone kwa uvimbe wenye mabadiliko hayo unaoendelea kukua baada ya tiba. Bila kinyama, hujui kama dawa hiyo inamhusu mwanao.

Lakini picha ikiwa wazi na dalili zina wiki chache, sioni cha kulindwa kwa wiki sita. Kozi zote mbili humpa mtoto nafuu kwa muda, na hakuna inayoponya.

Na wanaosema kozi fupi imebuniwa kwa ajili ya nchi zisizo na mashine, watazame Uholanzi. Madaktari wa huko walichapisha matokeo ya mara 13 mwaka 2009, kabla ya Cairo. Walichotaka kupunguza ni mzigo wa mtoto.