Nodi zetu zijuane vipi, kwa orodha au zitafutane zenyewe?

Kwenye mitandao ya watu wanaoendesha nodi (kompyuta zao zilizounganishwa na za wenzao) kwa kupenda tu, bila kampuni nyuma yao, kuna ubishi hauishi: ukiwasha nodi yako leo itajuaje wenzake wako wapi kwenye intaneti? Wengine wanataka orodha moja inayotunzwa na watu wanaojulikana, wengine wanasema orodha ndo udhaifu wenyewe, nodi zitafutane zenyewe. Mi naona wote wanagombania kipande rahisi cha tatizo, ila kila upande una hoja ya kweli.

Orodha tuiheshimu, imefanya kazi miaka mingi. FidoNet ya Tom Jennings, mtandao wa kupelekeana barua na mijadala, ilianza 1984 kwa modemu na laini za simu, kila nodi ina namba yake ya zoni, neti na nodi, na orodha inatoka kila wiki, wengi wanashusha faili dogo la mabadiliko tu wanaliunganisha na la zamani. Intaneti ilipokuja hawakutupa kitu, kwenye ule ule mstari wa nodi wakaongeza alama: IBN maana yake napokea kwa binkp, itifaki yao ya kupelekeana barua kwenye intaneti, poti (mlango wenye namba wa kuingilia kwenye kompyuta) ya kawaida 24554, na INA inabeba jina la hosti, yaani jina la kompyuta kwenye intaneti. Mstari mmoja tu, unasoma kwa macho unaelewa. dn42, mtandao wa wapenda kujifunza mambo ya intaneti, nao wana rejista kwenye git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, ukitaka namba au kipande cha anwani unaleta ombi, watu wanalipitia, na historia yote inabaki pale.

Shida ni kwamba anayeshika orodha ameshika mtandao. Akichoka au akigombana na wenzake, taarifa zinaoza na hakuna wa kuzirekebisha. Halafu anwani za majumbani zinabadilika, ruta ikizima na kuwaka tu unaweza ukapewa nyingine, orodha ya wiki haiwezi kukimbizana na hilo, ndo maana ndani yake inabidi uweke jina la DNS (mfumo unaogeuza majina kuwa anwani) linalojisasisha badala ya namba tupu. Na orodha ya wazi inasomwa pia na maroboti yanayochokonoa poti usiku na mchana.

Sasa wa upande wa pili watakwambia tumia DHT, jedwali la taarifa lililogawanywa kati ya nodi zote, ile njia ya Kademlia waliyoitoa Maymounkov na Mazières 2002, ambayo BitTorrent, mfumo wa kugawana mafaili, inaitumia kutafuta wenye faili: kila nodi inashika kipande kidogo cha taarifa, ukiuliza unaelekezwa kwa anayekaribia jibu mpaka ufike. Hakuna bosi, hakuna wa kugombana naye, na hilo si jambo dogo. Lakini nodi mpya inamuuliza nani kwanza? Hata Bitcoin inaanzia kwenye majina ya DNS yaliyoandikwa ndani ya programu. Yaani orodha ipo pale pale, imefupishwa tu na kusogezwa mahali ambapo wengi hawaangalii. Na mtandao wenye nodi chache, mtu mmoja mwenye nia mbaya anaweza kuwasha nodi feki nyingi kuliko za kweli akaumeza wote.

Ila hapa ndo napotaka tukae kidogo, kwa sababu kujua anwani sio kufika. Kampuni nyingi za intaneti zimeishiwa anwani za IPv4, zile anwani za zamani za intaneti, zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja (hiyo ndo NAT), na tangu 2012 kuna safu maalum ya kazi hiyo, 100.64.0.0/10. Ukiona ruta yako upande wa nje ina anwani ya humo, fungua poti unavyotaka, hakuna atakayeingia, ni sawa na kuacha mlango wako wazi wakati geti la jengo limefungwa na ufunguo anao mwingine. Kuna ujanja: nodi mbili zinaongea na seva ya tatu, inawaambia kila mmoja anaonekana nje kwa anwani na poti gani, halafu zote zinatumiana pakiti za UDP (vipande vya data visivyohitaji kuunganishwa kwanza) kwa pamoja, kila NAT inadhani ile inayoingia ni jibu. Inafanya kazi mara nyingi, ila NAT inayobadilisha poti kwa kila unayeongea naye inaivuruga. IPv6, anwani za kizazi kipya, inaondoa uhaba wa anwani, lakini faiawoli (kizuizi cha usalama) ya ruta mara nyingi bado inakataa wanaoingia.

Kinachobaki ni rilei, yaani kompyuta ya katikati inayopokea ujumbe na kuupitisha, na wapenda uhuru hawaitaki kwa sababu hata ukisimba ujumbe (ukiufunga kwa siri) rilei inajua nani kaongea na nani saa ngapi. Ni kweli kabisa, lakini bila rilei tunawafungia nje wenzetu wasio na uwezo wa kubadilisha laini. FidoNet walikuwa na neno Pvt kwa nodi isiyotangaza simu yake, barua zake zinapitia habu (nodi kubwa ya eneo) na yeye anapiga kwenda kuchukua. Kwa barua inatosha, kwa sauti ya moja kwa moja hapana.

Kwa hiyo mi niko upande wa orodha, ndogo, iliyosainiwa, yenye nakala kwa watu tofauti, na kila mstari useme nodi inafikika vipi: poti wazi, IPv6, au inapiga tu haipigiwi. Moja kwa moja ijaribiwe kwanza, rilei baadaye, na rilei ziwe mbili au zaidi zenye wenyewe tofauti. Na kabla nodi haijaandikwa kwamba poti iko wazi, mtu aipige kutoka nje aone kama inajibu.