Mwaka Huu Ndio Wenyewe

Mwezi wa Septemba ukishaingia, kama huu wa mwaka 2025, katika jiji la Toronto, huku Kanada, huwezi tena kumsalimu mtu akakujibu habari za nyumbani kwake. Ukimuuliza mwenzako wa ghalani ameamkaje, atakujibu kwamba Auston Matthews, nahodha wa Maple Leafs, timu ya hoki ya barafu ya jiji hili, amepona na ameonekana akiteleza bila shida. Ukimuuliza kama watoto hawajambo, atakueleza kwamba kocha Craig Berube bado anatafuta mtu wa kumpanga upande wa kulia. Mimi nauliza kwa adabu niliyofundishwa na wazazi wangu, nami napewa taarifa za kitabibu na za kiufundi kuhusu watu ambao hawanijui, hawanidai, wala hawatakuja kwenye msiba wangu.

Kwa ndugu zangu mlioko nyumbani, ambao balaa hili halijawafikia, nieleze kidogo. Hoki ya barafu ya kulipwa ina ligi moja kubwa, NHL, yenye timu 32 za Marekani na Kanada. Msimu huu wa 2025-26 kila timu inacheza mechi 82 kuanzia Oktoba hadi Aprili, kisha timu 16 huingia katika mtoano, ambapo ili umwondoe mwenzako ni lazima umshinde mara nne katika mechi zisizozidi saba, na kazi hiyo hurudiwa kwa raundi nne mpaka Juni, wakati ambapo mtu mwenye akili timamu ameshasahau kwamba barafu ni kitu cha kuchezea. Anayebaki wa mwisho hupewa Kombe la Stanley. Maple Leafs walilichukua kwa mara ya mwisho tarehe 2 Mei 1967.

Siku hiyo Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miezi mitatu hivi. Tangu wakati huo Azimio limehubiriwa, limeimbwa na watoto wa shule nchi nzima, na mwaka 1991 likawekwa kando kimyakimya kule Zanzibar. Lakini kombe halijarudi Toronto. Tena mwaka huo wa 1967 ligi nzima ilikuwa na timu sita tu. Ni msimu uliofuata ndipo walipoongeza nyingine sita, na tangu hapo wamekuwa wakiongeza tu. Kushinda watano ni jambo moja, na kushinda thelathini na mmoja ni jambo jingine kabisa, lakini jaribu kulisema hilo katika chumba cha chai uone utakavyotazamwa.

Pamoja na hayo yote, kila Septemba, bila kukosa, utasikia kauli ileile: mwaka huu ndio wenyewe. Anaisema kijana anayeendesha fokolifti, ambaye hata baba yake hakuwa amezaliwa kombe lilipochukuliwa. Anaisema mzee wetu wa stoo, ambaye aliliona akiwa mtoto kwenye televisheni isiyo na rangi, na ambaye tunamheshimu kama watu wa kwetu wanavyomheshimu aliyewahi kusalimiana na Mwalimu. Anaisema mama wa mapokezi, ambaye amekwisha kuamua msafara wa kushangilia ubingwa utapita barabara gani za katikati ya jiji, na anasikitika tu kwamba huenda Juni kukawa na matengenezo ya njia za tramu.

Sikatai kwamba matumaini ni haki ya kila binadamu. Mimi ni mtu wa Temeke, nimekulia katika Yanga, na najua vizuri hali ya mji pale Agosti inapofika, Wananchi wakiwa na wiki yao na wale wenzetu wa Msimbazi wakiwa na Siku ya Simba, kila upande ukitambulisha wachezaji kwa fataki na muziki. Lakini matumaini yetu yana msingi wa hesabu. Ukiondoa mwaka mmoja wa mkosi, ule wa 2014, Azam walipojitwalia ubingwa, kwa miongo miwili na ushei msimu umekuwa ukiisha ama Yanga akiwa bingwa ama Simba akiwa bingwa, kwa hiyo ukishangilia mwezi wa Agosti uwezekano wako wa kuaibika ni nusu kwa nusu. Hawa wa huku wanashangilia kwa uwezekano gani? Nimewauliza. Wameniambia kwamba mimi sielewi hoki.

Basi tuutazame ushahidi, kwa sababu mimi ni mtu wa ushahidi. Mwaka 2013 walikuwa Boston katika mechi ya saba, wakiongoza 4-1 katika kipindi cha tatu, ambacho ndicho cha mwisho, na wakafungwa 5-4 katika muda wa nyongeza. Mwaka 2021 walikuwa mbele ya Montreal kwa mechi tatu dhidi ya moja, ikabaki kushinda moja tu, wakapoteza zote tatu zilizosalia. Na msimu uliopita, huu wa 2024-25 ambao majeraha yake bado ni mabichi, walimaliza wakiwa vinara wa kanda yao, wakawatoa Ottawa, wakashinda mechi mbili za kwanza dhidi ya Florida Panthers, na ghalani kwetu kazi ikasimama kabisa, maana watu walikuwa wanapanga msafara. Kisha Florida wakaamka. Mechi ya tano ikachezwa nyumbani, tukafungwa 6-1. Mechi ya saba ikachezwa nyumbani, tukafungwa 6-1 tena, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa anataka kuhakikisha kwamba ile ya kwanza tuliielewa. Mashabiki waliokuwa uwanjani walivua jezi na kuzitupa kwenye barafu. Kijana wa fokolifti aliapa mbele yetu sote kwamba habari za timu hii hatazitaka tena mpaka anaingia kaburini, na nilimpa pole kwa moyo mkunjufu, nikidhani kwamba nami hatimaye nitapata majira ya baridi yenye utulivu. Leo hii kijana huyohuyo anapita kwenye korido amevaa jezi mpya.

Jezi nazo ni sura ya peke yake. Mwanangu wa kiume, ambaye amezaliwa huku na kwa hiyo hakupata chanjo, alinililia jezi ya Mitch Marner, namba 16, mtoto wa maeneo haya haya ya Toronto. Nilimnunulia kwa bei ambayo Temeke ingelipa kodi ya chumba kwa miezi kadhaa. Ilipofika kiangazi Marner akasaini mkataba wa miaka minane, wa dola milioni 12 kwa mwaka, akaenda zake Las Vegas, nasi tukapewa Nicolas Roy. Sasa mtoto anasema jezi ile hawezi kuivaa kwa sababu atazomewa shuleni, na pia haruhusu apewe mdogo wake, kwa sababu ni kumbukumbu. Ipo kabatini, imetundikwa vizuri, nami kila ninapotafuta koti langu nalazimika kuisogeza kwa heshima.

Kuondoka kwa Marner kumewageuza watu wote kuwa wahasibu. Ligi hii imeweka ukomo wa mishahara, na msimu huu wa 2025-26 hakuna timu inayotakiwa kuvuka dola milioni 95.5 kwa wachezaji wake wote. Basi kinyozi wangu, ambaye ukimpa noti ya hamsini hukosea chenji, anakueleza kwa ufasaha kwamba Matthews peke yake anakula milioni 13.25, kwamba zile 12 za Marner zingeweza kugawanywa kwa washambuliaji watatu wa wastani, na kwamba mtu fulani wa safu ya nyuma analipwa kuliko thamani yake. Yote haya anayasema wembe ukiwa shingoni mwangu, kwa hiyo nakubaliana naye.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni jiografia. Kombe la mwaka 2024 limechukuliwa na Florida. La mwaka 2025 limechukuliwa tena na Florida hao hao. La 2023 lilikwenda Las Vegas, ambako ni jangwa. La 2020 na la 2021 yalikwenda Tampa, ambako pia ni Florida, yaani katika jimbo lenye minazi, mamba na joto kama la Tanga. Hakuna timu yoyote ya Kanada iliyolibeba tangu Montreal mwaka 1993. Sasa naomba mtu anieleze kwa upole: mimi ninayepiga koleo theluji mlangoni kabla ya alfajiri, ninayevaa soksi mbili mbili kuanzia Novemba, ninayeishi ndani ya barafu kwa nusu ya mwaka bila kulipwa, inakuwaje bingwa wa mchezo wa barafu awe ni mtu anayekwenda mazoezini amevaa kandambili? Hata huyu Matthews wetu amekulia Arizona. Jirani yangu Mkenya, ambaye hakosi la kusema, hunikumbusha kwamba wao wana Ice Lions, wanaojifunzia kwenye kiwanja kidogo cha ndani katika hoteli ya Panari, pale Barabara ya Mombasa, Nairobi, na kwamba mwaka 2018 vijana hao waliletwa Kanada wakacheza upande mmoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Kwa hesabu zake, anasema, kombe litafika Nairobi kabla ya kufika Toronto. Nimemzuia asiyaseme hayo mbele ya mzee wa stoo.

Nyumbani kwangu mambo si shwari pia. Mtoto ameanza kucheza, na mchezo huu unataka kofia ngumu, glavu, mabega ya bandia, vikinga magoti, gongo linalovunjika, na viatu vya kutelezea ambavyo mguu wa mtoto huvikimbia kila baada ya majira machache. Mazoezi ya watoto hupangwa saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi, eti kwa sababu ndio muda ambao kiwanja kiko wazi, na mimi niliyetoka zamu ya usiku nakaa kwenye benchi la bati nikitetemeka kando ya wazazi wenzangu wanaojadili, niamini, upande wa kulia wa kocha Berube. Kisha lile begi hurudi nyumbani. Harufu ya begi la hoki sitaieleza hapa, kwa kuwa huenda msomaji anakula.

Mama Asha, mke wangu, ametafakari mchezo huu kwa kina na bado ana maswali. Kwanza, kile kisahani cheusi cha mpira haoni kinakokwenda, na aliposikia kwamba hugandishwa makusudi kabla ya mechi ili kisidundedunde, alisema kumbe kuna nafasi kwenye friza za watu. Pili, aliona wachezaji wawili wametupa glavu chini wakapigana ngumi mpaka waamuzi walipoona imetosha, kisha kila mmoja akapelekwa kukaa kibandani dakika tano.

"Baba Asha," akaniuliza, "yaani mtu akipiga watu anapumzishwa?"

"Hiyo ni adhabu, Mama Asha."

"Basi na mimi naomba adhabu hiyo, niketi dakika tano bila mtu kuniita."

Swali lake la tatu lilihusu bili, na hilo nililikwepa. Ukitaka kuona mechi zote ni lazima ulipie chaneli za huku, kisha za kule, kisha programu ya simu, na kampuni moja ambayo siitaji imenitumia barua mbili katika wiki moja, moja ikinishukuru kwa uaminifu wangu na nyingine ikinipandishia bei. Kwenda uwanjani usiseme. Tiketi za timu hii ni miongoni mwa zenye bei kali kuliko zote katika ligi, na bado uwanja hujaa, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha ugonjwa wote, maana mwenye duka ambaye bidhaa yake mbovu inanunuliwa yote kila mwaka kabla ya jua kuchwa ana haraka gani ya kuleta nzuri?

Sasa tumo katika mechi za maandalizi, ambazo hazina pointi, hazina wachezaji wakubwa, na wakati mwingine zinachezwa na vijana ambao wiki ijayo watarudishwa ligi za chini. Hilo halimzuii mtu. Timu ikishinda, watu wanaingia kazini wakipiga miluzi. Ikishindwa, wanakueleza kwamba mechi za maandalizi hazina maana yoyote, na maelezo hayo yote mawili unaweza kuyapata kwa mtu mmoja ndani ya saa arobaini na nane. Mtu mmoja ameniomba niingie katika mchango wa kubashiri bingwa. Nimeweka jina la Toronto, kwa ajili ya amani mahali pa kazi, na nimemsimamia mpaka akaliandika kwa kalamu ya wino, kwa kuwa ya risasi hufutika.

Mechi ya kwanza yenyewe ni tarehe 8 Oktoba, nyumbani, dhidi ya Montreal. Kwa bahati mbaya jioni hiyo niko zamu, kwa hiyo nimemwandikia msimamizi barua rasmi ya kuomba ruhusa kutokana na dharura ya kifamilia ambayo, kama nilivyomfafanulia, itatokea tarehe 8 Oktoba saa moja jioni. Amenijibu kwa masikitiko makubwa kwamba karibu zamu nzima ina dharura ya kifamilia saa hiyohiyo, na kwamba ruhusa zilizokuwepo zimekwisha, ya mwisho akiwa ameichukua yeye.