James Earl Jones hakuzaliwa na ile sauti

Kila anayemtaja James Earl Jones, yule mwigizaji wa Marekani, anaanza na sauti. Darth Vader, yule mbaya mwenye barakoa wa muvi za Star Wars, Mufasa, simba mfalme wa The Lion King, ile besi inayotikisa spika. Na mimi nilimjulia huko huko, tulikuwa tunajazana kibanda umiza kuangalia Coming to America, yeye ndo mfalme wa Zamunda, kajitanda ngozi ya simba kifuani, akifungua mdomo tu kibanda kizima kinatulia hata wale wauza karanga. Lakini jamani inaniuma watu wakisema "alijaliwa sauti" halafu wakaishia hapo, kwa sababu huyu mtu karibu utoto wake wote alikuwa haongei.

Alizaliwa 1931 Arkabutla, Mississippi, baba yake alishaondoka, akalelewa na babu na bibi mzaa mama, na alipokuwa na miaka kama mitano wakahamia shambani kule Michigan. Kuhama kulimvuruga, kigugumizi kikamkamata, akaona bora anyamaze. Miaka kama minane hivyo! Nyumbani anasema maneno mawili matatu, anaongea na mifugo, shuleni kimya, majibu anaandika.

Akafika sekondari akakutana na mwalimu anaitwa Donald Crouch, ambaye akagundua kijana anaandika mashairi. Moja lilikuwa la kusifia balungi, tunda tu hilo hilo. Mwalimu akamwambia shairi hili zuri mno, siamini kama ni lako, sasa simama mbele ya wenzio ulitoe kwa kichwa. Akasimama, akalitoa lote, hakukwama hata mahali pamoja.

Hapo mi nakaa napafikiria sana kwa sababu mdogo wangu ana kigugumizi. Shuleni akiulizwa jina lake tu ile herufi ya kwanza inagoma, shingo inamkaza, darasa linacheka, na kuna mwalimu alikuwa anacheka nao, hilo sijalisahau mpaka leo. Ila mdogo wangu huyo huyo ukimpeleka kwenye kaswida anaimba beti zote kama maji, hakuna anayeamini. Mizani inambeba mtu. Yule mwalimu wa Michigan sijui kama alijua hilo au alibahatisha, lakini aligusa penyewe. Na Jones mwenyewe alisema kigugumizi hakikupona, alijifunza kukaa nacho, kuchagua maneno, kwenda taratibu. Ule utulivu tunaousikia kwa Mufasa ndo umetoka huko, ni mtu anayeheshimu kila neno kwa sababu anajua lilivyomsumbua kutoka.

Chuo Kikuu cha Michigan alianza na masomo ya udaktari akahamia maigizo, akapita jeshini, kisha New York, na huko akawa na baba yake, Robert Earl Jones, ambaye zamani alikuwa bondia na wakati huo alishakuwa mwigizaji, yaani wamekutana mtoto ni mtu mzima tayari, wakawa wanang'arisha sakafu za watu pamoja ili wapate kula. Halafu angalia kazi zilizompa heshima stejini. 1968 The Great White Hope, anaigiza bondia, akapata Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani Marekani, mwaka uliofuata, na muvi ya igizo hilo ikampa uteuzi wa Oscar. 1987 Fences, igizo la August Wilson, anaigiza baba mkali ambaye mtoto wake anamuuliza mbona hujawahi kunipenda, Tony ya pili. Mtoto wa bondia aliyelelewa bila baba! Mi siamini ule uchungu aliutafuta mbali.

Sasa linganisha na Darth Vader. Muvi ya kwanza ilikuwa masaa mawili na nusu ya kurekodi, dola 7,000, na muvi mbili za kwanza akaomba jina lake lisiwekwe kabisa kwa sababu mwili ndani ya lile vazi ulikuwa wa mtu mwingine. Dunia inamkumbuka kwa masaa mawili na nusu wakati mzee alisimama stejini zaidi ya miaka 50, mpaka 2015 ana miaka 84 bado yuko Broadway, kule kwenye majumba makubwa ya maigizo New York, na mwigizaji mwenzake Cicely Tyson aliyekuwa na 90, wawili tu wanacheza karata mbele ya watu. Ndo maana nilifurahi sana 2022 jumba la Cort pale Broadway lilipopewa jina lake, akiwa hai, anaona.

Alifariki 9 Septemba 2024, miaka 93. Usiku ule nikamuandikia mdogo wangu habari yote ya balungi, maana siku zote tunachati, simu huwa hapokei. Akakaa kimya kama nusu saa, halafu ikaingia voisi noti, dakika moja na sekunde arobaini.