Tenda tumeitia kufuli, nyumba tumeziacha wazi

Tangu Oktoba 2023 taasisi za umma Tanzania zinatakiwa kufanya manunuzi kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki uliojengwa na wataalamu wetu wenyewe kuchukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS. Naunga mkono. Bahasha ya mzabuni kupotea kwenye kabati la ofisi, au kufunguliwa usiku wa kuamkia siku ya kufunguliwa, si rahisi tena. Ila kila kiongozi anaposimama kutuambia mfumo umekomesha upigaji, hujiuliza: upigaji upi?

Sakata lililotutikisa kuliko yote halikuhitaji bahasha. Mwaka 2006 mabwawa yalikauka, umeme ukawa wa mgawo, na kwa jina la dharura kampuni ya Richmond ikapewa mkataba wa kuleta mitambo ya megawati 100. Kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilikuja kusema kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi yenyewe. Mtaani tulishaiita kampuni ya mfukoni. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, akilalamika kwamba kamati haikumsikiliza, na mawaziri wawili wakajiuzulu pamoja naye. Watu walishangilia. Lakini mkataba ulikwishahamia kampuni nyingine, Dowans, shirika la umeme Tanesco likitajwa kulipa Sh milioni 152 kwa siku, mitambo izalishe isizalishe. Tulipouvunja, wasuluhishi wa kimataifa mwaka 2010 wakatuamuru tulipe fidia ya mabilioni. Wakubwa waliondoka, deni likabaki kwa mlipa kodi.

Fedha huvuja zaidi baada ya saini. Mkandarasi anashinda kwa bei ya chini ambayo kila mtu mezani anajua haitoshi. Miezi michache baadaye inaletwa nyongeza ya kazi. Au amefanya kazi yake safi kabisa, lakini cheti cha malipo kinalala mezani kwa mtu mpaka "aelewe somo". Ten pasenti haipitii kwenye mfumo wowote. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, huyaona mengi ya haya, na ripoti yake humfikia Rais mwishoni mwa Machi na Bunge mwezi Aprili, wakati jengo limeshapakwa rangi na waliohusika wengine wameshahamishiwa halmashauri nyingine.

Na hapo nazungumzia kununua na kujenga tu. Kutunza kile tulichonacho ndiko tulikolala kabisa.

Mwaka 2002 serikali ya Rais Mkapa ilianza kuwauzia watumishi nyumba za serikali, maelfu yake, nyingine zikiwa kwenye viwanja vya thamani kubwa kama Oysterbay. Waziri wa Ujenzi alikuwa John Magufuli, ambaye baadaye tulimjua kama Rais wa kubana matumizi. (Najua kuna watakaonuna nikilitaja hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.) Sisemi kila aliyenunua ni mwizi. Wapo walimu na makarani waliolipa kwa makato ya mshahara mwaka baada ya mwaka. Ninachouliza ni nani alipata ipi, kwa bei gani, na bei hiyo ilipangwaje na nani. Kisha viongozi wapya walipoteuliwa, serikali ile ile ikaanza kuwatafutia pa kulala.

Mwaka huo huo ikaundwa TBA, Wakala wa Majengo, kusimamia majengo yaliyobaki. NHC, Shirika la Nyumba la Taifa, yenyewe ipo tangu 1962. Kote huko habari za wapangaji huzisikia siku dalali anapotoa makochi nje. Septemba 2016 NHC iliiondoa klabu ya Bilicanas na ofisi za Free Media za Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa Chadema, kwa deni la zaidi ya Sh bilioni moja. Mbowe akalikana, akisema walikuwa wabia. Ubishi ule usingefika popote kama mkataba na hesabu za kodi zingekuwa hadharani tangu mwanzo. Badala yake kila mtu alichagua wa kumwamini kwa kuangalia rangi ya chama.

Kwa hiyo nataka orodha. Jengo lilipo, nani amepanga, mkataba unaisha lini, kodi kiasi gani, anadaiwa kiasi gani, wizara na idara zikiwemo, maana nazo ni wadaiwa wakubwa. Watasema ni siri ya biashara. Fremu ya mtu binafsi pale Kariakoo, sawa, ni siri yake na mwenye nyumba. Fremu ya umma mwenye nyumba ni mimi.

Orodha ya kwanza iwe ya zile nyumba zilizouzwa. Wanunuzi walipewa sharti la kutoziuza kwa miaka 25, na za mwanzo zinatimiza muda huo mwaka 2027. Zichapishwe kabla madalali hawajaanza kupiga simu.